Die, dat na worden: maswali ambayo wasemaji wa Kiswahili huuliza kuhusu Kiholanzi

Nje ya vituo vya treni Uholanzi utakuta kibao chenye maneno matano hivi: *Hier geplaatste fietsen worden verwijderd.* Yaani: "Baiskeli zilizowekwa hapa zitaondolewa." Kibao hicho kifupi kimebeba mambo mawili yanayowatoa jasho watu ninaojifunza nao Kiholanzi jioni, wengi wao Wakongo na Warundi, pamoja na Watanzania na Wakenya wachache: urejeshi na kauli ya kutendwa. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila muhula mpya unapoanza. Mifano ya Kiholanzi nimeiandika kwa herufi za mlazo.

Urejeshi ni nini hasa?

Unaufahamu tangu utotoni. Ukisema "kitabu ninachosoma", ile *-cho-* ndiyo kirejeshi: inarudi nyuma kukishika "kitabu". Kiholanzi husema *het boek dat ik lees*. Kazi ni ileile, mahali ndipo panapotofautiana. Kiswahili hukipachika kirejeshi tumboni mwa kitenzi. Kiholanzi hukiweka nje kama neno la peke yake, mara tu baada ya nomino, halafu kitenzi kinasukumwa hadi mwisho wa kishazi.

Kwa hiyo anayeanza nampa daraja la *amba-*. "Kitabu ambacho ninasoma" kinakaa karibu sana na *het boek dat ik lees*: *ambacho* pale, *dat* hapa. Najua *amba-* zikiwa nyingi huchosha sikio la Mswahili, lakini hapa tunajenga daraja, hatutungi shairi.

Nitajuaje kama ni *die* au *dat*?

Angalia ngeli ya nomino. Sisi tuna ngeli tele, wao wamebaki na mbili tu, kwa hiyo usijitie huruma. Nomino hutanguliwa na kiambata, yaani neno dogo *de* au *het*. Nomino ya *de* huchukua *die*, nomino ya *het* huchukua *dat*, na wingi wote, hata wa zile za *het*, huchukua *die*:

*de vrouw die hier woont* – mwanamke anayeishi hapa
*het kind dat hier woont* – mtoto anayeishi hapa
*de kinderen die hier wonen* – watoto wanaoishi hapa

Kuna ufunguo mdogo: *het, dat, dit* zote zinaishia kwa *t* na zinakwenda pamoja. *De, die, deze* nazo zina undugu wao. Jifunze nomino pamoja na kiambata chake siku ileile ya kwanza, kama ulivyojifunza "kitabu, vitabu" bila kuvitenganisha. Anayejifunza *huis* bila *het* atalipa baadaye, tena kwa riba.

Udogo wenye *-je* mwishoni daima ni *het*, hata kwa binadamu: *het meisje dat lacht*, msichana anayecheka. Mtaani utasikia *het meisje die*, kwa sababu Waholanzi wenyewe wanaona msichana ni mtu na ulimi unateleza. Kwetu pia umbo la neno na uhai wa kinachotajwa huvutana: "kifaranga" kina ki- ya vitu, lakini tunasema "kifaranga amekufa". Kwenye mtihani andika *dat*.

Kwa nini kitenzi kinakimbilia mwisho?

Kwa sababu hiki ni kishazi tegemezi, na katika Kiholanzi kitenzi cha kishazi tegemezi hukaa nyuma. Tazama:

*De man die gisteren met zijn zieke moeder naar het ziekenhuis ging, is mijn buurman.*

"Mtu aliyekwenda jana hospitali na mama yake mgonjwa ni jirani yangu." Kiswahili kinakupa kitenzi mapema: *aliyekwenda*, na unajua ni nani, lini, amefanya nini. Mholanzi anakupa jana, mama, ugonjwa na hospitali, ndipo anakukabidhi *ging*. Pumzi inabidi uishikilie.

Ushauri wangu kwa barua ndefu, zile za manispaa na za bahasha ya buluu ya kodi, ni huu: ukikuta *die* au *dat* baada ya nomino, ruka moja kwa moja hadi kitenzi kilicho kabla ya mkato au nukta, kisome, kisha urudi kusoma ya katikati. Baada ya miezi michache jicho litaruka lenyewe.

Angalizo moja: *dat* pia ni "kwamba". *Ik weet dat hij komt* ni "najua kwamba anakuja". Hapo hakuna nomino inayorejelewa, na ngeli haihusiki. Kitenzi, hata hivyo, kinakwenda mwisho vilevile.

Naweza kukiacha kirejeshi, kama Waingereza wanavyofanya?

Hapana. *Het boek ik lees* si sentensi. Waliosoma Kiingereza kwanza ndio wanaonaswa hapa. Anayefikiri kwa Kiswahili hanaswi, maana hata sisi hatusemi "kitabu ninasoma ni kizuri" tukiwa na maana ya "ninachosoma".

*De vrouw die de man zag*: nani alimwona nani?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote. Jibu: haijulikani. Inaweza kuwa mwanamke alimwona mwanamume, na inaweza kuwa mwanamume ndiye aliyemwona mwanamke. *Die* ni ileile kwa mtenda na kwa mtendwa, na kitenzi kimekaa mwisho kimya.

Kabla hujawacheka, sema kwa sauti: "mtoto aliyempiga mwalimu". Ni mtoto mtundu, au ni mwalimu mkali? Kiswahili kina utata uleule, kwa sababu mtenda anaweza kufuata kitenzi chenye kirejeshi. Sisi tunaukwepa kwa *amba-*: "mtoto ambaye mwalimu alimpiga". Waholanzi wana njia mbili. Ya kwanza ni hesabu, pale mmoja akiwa katika wingi: *de vrouw die de mannen zag* ni yeye aliyewaona wanaume, na *de vrouw die de mannen zagen* ni wao waliomwona. Ya pili ni kutendwa: *de vrouw die door de man gezien werd*, mwanamke aliyeonwa na mwanamume. Hapo kutendwa kunakuwa dawa ya utata, wala si pambo la maofisa tu.

*Wat* inaingia lini?

Pale kinachorejelewa si nomino ya kawaida: baada ya *alles* (kila kitu), *iets* (kitu fulani), *niets*, baada ya sifa ya kupita zote, au pale unaporejelea habari nzima. *Alles wat ik heb* – yote niliyo nayo. *Het mooiste wat ik gezien heb* – kizuri kuliko vyote nilivyoona. *Hij kwam te laat, wat ik vervelend vond* – alichelewa, jambo ambalo liliniudhi. Hilo la mwisho ni "jambo ambalo" letu kabisa.

Na *wie* bila nomino mbele yake ni "yeyote a-ye-", muundo wa methali. *Wie een kuil graaft voor een ander, valt er zelf in*: anayemchimbia mwenzake shimo hutumbukia mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tunasema sisi.

Na *waarop*, *waarmee*, *met wie*?

Hapa kuna utajiri. Kiholanzi hakiruhusu *de stoel die ik op zit*. Kihusishi hugandana na *waar*: *de stoel waarop ik zit*, kiti nilichokalia. *De pen waarmee ik schrijf*, kalamu ninayoandikia. Angalia vitenzi vyetu: kaa imekuwa *kalia*, andika imekuwa *andikia*. Ile kauli ya kutendea inafanya ndani ya kitenzi kazi ambayo *op* na *met* zinafanya kwao. (*Met* ikigandana na *waar* hugeuka *mee*.) Basi kila mara Kiswahili chako kinapotaka *-ia* au *-ea* ndani ya urejeshi, shuku kwamba Kiholanzi kitataka *waar-*.

Katika mazungumzo neno hilo hupasuliwa: *de stoel waar ik op zit*. Ni sahihi, na ndivyo watu wanavyosema.

Kwa binadamu, maandishi hutaka kihusishi na *wie*: *de vrouw met wie ik sprak*, mwanamke niliyezungumza naye. Ile *naye* yetu ndiyo *met wie* yao. *De vrouw waarmee ik sprak* utaisikia kila siku. Mwalimu wa mtihani anaweza kukunja uso.

Kwa mahali ni *waar* tupu: *het huis waar ik woon*, nyumba ninamoishi.

*Worden* ni nini? Kamusi inasema ni "kuwa".

Kamusi haijakosea. *Ik word ziek* ni naanza kuugua, *ze wordt lerares* ni atakuwa mwalimu. Lakini *worden* ikikaa na umbo la *ge-* la kitenzi kingine, inatengeneza kutendwa. Kiswahili kinaongeza *-w-* moja ndogo na kazi imekwisha: andika, andikwa. Kiholanzi kinahitaji maneno mawili, na nyakati zinabebwa na kisaidizi. Pangilia hivi:

*De brief wordt geschreven* – barua inaandikwa
*De brief werd geschreven* – barua iliandikwa
*De brief is geschreven* – barua imeandikwa
*De brief was geschreven* – barua ilikuwa imeandikwa
*De brief zal worden geschreven* – barua itaandikwa

-na- ni *wordt*, -li- ni *werd*, -me- ni *is*. Ulinganifu huu si kamili, lakini unakufikisha mbali. Kwa kawaida *wordt* hubeba hata wakati ujao: *Het bedrag wordt op 25 mei afgeschreven* maana yake kiasi hicho kitakatwa kwenye akaunti tarehe 25 Mei. Usisubiri *zal*, hakikisha pesa zipo.

Umbo la *ge-* lenyewe ni la kukariri: *gemaakt, gebouwd, gestolen*. Vitenzi vinavyoanza na *be-, ge-, er-, her-, ont-, ver-* havipokei *ge-* nyingine: *betaald, ontvangen, verkocht*. Vile vinavyopasuka huipokea katikati: *afgesloten, uitgenodigd*.

Duka *wordt gesloten* au *is gesloten*?

*De winkel wordt gesloten*: duka linafungwa, mtu yuko na funguo mkononi, kimbia. *De winkel is gesloten*: duka limefungwa, rudi kesho. Sentensi hii ya pili inaweza kueleza tendo lililokamilika au hali tu, kama "limefungwa" yetu inavyofanya. Kiholanzi hakina kauli ya kutendeka kama yetu ya "kufungika" na "kuvunjika", hivyo *is* inabeba mizigo yote miwili.

Kwenye barua tofauti hii ni kubwa. *Uw aanvraag wordt behandeld*: ombi lako linashughulikiwa, tulia. *Uw aanvraag is afgewezen*: ombi lako limekataliwa, tafuta kwenye barua siku ya mwisho ya kukata rufaa.

Ukimwita Mbelgiji ashuhudie, huenda akakuambia kwamba kwao "imejengwa" husemwa *is gebouwd geworden*. Ni kweli, Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi, husikika. Katika Kiholanzi sanifu *geworden* hiyo huachwa.

Mbona *hij is gekomen* si "amekujwa"?

Kwa sababu *zijn* pia ni kisaidizi cha wakati timilifu kwa vitenzi vya kwenda, kuja, kuanguka, kufa na jamaa zao. *Hij is gekomen* – amekuja. *Hij is geslagen* – amepigwa. Jiulize: kitenzi hiki kinaweza kuwa na mtendwa? Mtu hupiga *mtu*. Mtu haji *mtu*. Chenye mtendwa kikikaa na *is*, ni kutendwa.

"Na" ni *door* au *met*?

Mtenda ni *door*, chombo ni *met*. "Mlango ulifunguliwa na jirani kwa ufunguo": *De deur werd door de buurman met een sleutel geopend.* "Na" yetu ya mtenda isikudanganye ukaandika *met de buurman*; utakuwa umesema mlifungua pamoja naye.

Nisemeje "nimeibiwa simu", "nilipewa kitabu", "nimefiwa na baba"?

Hapa ndipo Kiswahili kinapokizidi Kiholanzi, na ndipo tunapokosea zaidi. Kwetu mtu aliyefikiwa na tendo anaweza kukaa kiti cha mbele: *nilipewa*, *nimeibiwa*, *nimenyeshewa*. Kwao, kwa kawaida, anayekaa mbele ni kile kitu kilichotendwa. *Ik werd een boek gegeven* ni kosa.

Simu: *Mijn telefoon is gestolen.* Kuna pia *Ik ben bestolen*, nimeibiwa. Ile *be-* inamsogeza mtu mbele kidogo kama *-ia* yetu, ila simu huwezi kuichomeka humo.
Kitabu: *Ik kreeg een boek*, basi. Au kwa *krijgen* na umbo la *ge-*: *Ik kreeg een boek toegestuurd*, nilitumiwa kitabu. *Ik krijg mijn loon uitbetaald*, nalipwa ujira wangu. Muundo huu wa *krijgen* ni rafiki wa Mswahili. Vitabu vingi vya wanaoanza huuchelewesha bila sababu.
Mvua: *Ik ben natgeregend.*
Msiba: *Mijn vader is overleden.* Kiholanzi hakina neno moja la kufiwa. Mimi hilo bado linanisumbua, maana sentensi yao inamtaja marehemu na kumwacha nje aliyebaki.

Waholanzi wenyewe hugongana hapa. *Reizigers wordt verzocht*, abiria wanaombwa: kwa sarufi ya zamani abiria si kiima, ndiyo maana *wordt* iko katika umoja. Watu wengi husema *worden*, na siku hizi yote mawili yanakubalika.

*Er wordt gedanst*: nani anacheza?

Yeyote. Hata kitenzi kisicho na mtendwa kinaweza kutendwa, mradi ni tendo la watu. *Er wordt gedanst* – panachezwa. *Er wordt geklopt* – hodi inapigwa. *Hier wordt niet gerookt* – hapa hapavutwi sigara. Ile *er* ni kama pa- na ku- zetu: mahali panashika nafasi ya mtenda asiyetajwa. *Er wordt gevallen* haisemwi, kwa kuwa kuanguka si tendo la kukusudia.

Vikikutana, urejeshi na kutendwa?

Sema "aliyeumwa". Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika neno hilo moja kuna nafsi, wakati uliopita, kirejeshi, mzizi na kutendwa. Mholanzi anavitawanya: *wie door een slang gebeten is*. Kirejeshi mlangoni, mtenda sebuleni, kitenzi na kisaidizi uani.

Kwa mfano halisi: *het station dat in 1889 geopend werd*, kituo kilichofunguliwa mwaka 1889 (ndicho Amsterdam Centraal). *De Afsluitdijk, die in 1932 werd voltooid*, boma la bahari la Afsluitdijk, lililokamilika mwaka 1932. Umeona nimeandika *geopend werd* mara moja na *werd voltooid* mara nyingine? Yote ni sahihi. Wanaisimu huuita mpangilio wa kwanza wa kijani na wa pili mwekundu, kutokana na rangi za ramani ya lahaja. Chagua mmoja ukae nao.

Mikato ya Afsluitdijk ni ya lazima, kwa sababu dijk hiyo ni moja tu na kishazi kinaongeza habari. Bila mkato mbele, kishazi kinachagua: *de studenten die geslaagd zijn*, wale tu waliofaulu.

Penye lazima, vitenzi vinakuwa vitatu: *de brief die morgen verstuurd moet worden*, barua inayopaswa kutumwa kesho. Usiogope foleni hiyo. Kinachobadilika kwa nafsi ni *moet* tu.

"Mwanamume aliyeibiwa baiskeli"?

*De man wiens fiets gestolen is*, au kwa lugha ya kawaida *de man van wie de fiets gestolen is*. Huwezi kumweka mtu katika kutendwa hapo, kwa hiyo unaiweka baiskeli na kumfunga mwenyewe kwa *wiens*. Kwa mwanamke au wingi maandishi ya kale yana *wier*. *Van wie* inatosha kwa wote.

Turudi kwenye kibao. *Die* iko wapi?

Imemezwa. *Fietsen die hier geplaatst zijn* imefupishwa ikawa *hier geplaatste fietsen*: umbo la *ge-* limehamia mbele ya nomino, likavaa *-e*, na kubeba *hier* mgongoni. Magazeti na sheria hupenda mno muundo huu: *de in 1932 voltooide dijk*, boma lililokamilika mwaka 1932; *de door de gemeente gestuurde brief*, barua iliyotumwa na manispaa. Ukikuta kiambata kikifuatwa na kihusishi, *de door* au *het in*, jua kuna kishazi kizima kimekunjwa hapo. Kikunjue: tafuta nomino, weka *die* au *dat*, rudisha kitenzi mwisho.

Mtihani unadai haya yote?

Staatsexamen NT2, mtihani wa serikali wa Kiholanzi kama lugha ya pili, ina programu mbili, ya I kwa kiwango cha B1 (cha kati) na ya II kwa B2 (cha juu yake). Kwa B1, *die*, *dat* na *worden* za kawaida lazima uzielewe ukisoma na uzijaribu ukiandika. Vishazi vilivyokunjwa utavikuta zaidi B2.

Baiskeli yangu imeondolewa kituoni. Nisemeje?

Kaunta: *Mijn fiets is verwijderd. Waar kan ik hem ophalen?*, baiskeli yangu imeondolewa, naweza kuichukua wapi? Kwa rafiki, hakuna anayetumia kutendwa hapo. Watu husema *Ze hebben mijn fiets meegenomen*, wameichukua baiskeli yangu, na hao *ze* hawajulikani ni akina nani, kama ilivyo kwa "wa-" wetu tunaposema "wameniibia". Beba kitambulisho na ufunguo wa kufuli.